Mwikoni: shajara ya kuufanya mgahawa wa mtori ukumbukwe, Moshi

Mgahawa ni mdogo, viti 18, mwendo wa dakika tatu kutoka Soko la Mbuyuni. Unauza mtori (ndizi zilizopikwa na nyama zikapondwa kuwa supu nzito), supu, chapati na chai kuanzia saa 12 asubuhi, na ikifika saa 8 mchana sufuria zimeshaoshwa. Chakula hakikuwa na malalamiko. Shida ilikuwa moja: mtu anakula, anashiba, anavuka barabara, na jina la alipokula hana. Shajara hii inaeleza kilichofanyika kati ya Januari na Julai 2025, pamoja na gharama, ili mwenye mgahawa mwingine aige palipofaa na aruke palipotuumiza. Bei zote ni shilingi za Tanzania.

13 Januari 2025: Swali moja kwa wateja 40

Kabla ya kununua hata kopo la rangi, wateja 40 waliulizwa swali moja wakati wa kulipa: “Ukitaka kumwelekeza mwenzako aje kula hapa, utamwambiaje?” Usiulize “Jina letu unalijua?” Swali hilo linamfanya mtu abahatishe, au akudanganye kwa adabu. Andika maneno yake kama alivyoyasema, usiyasafishe.

Siku ya kwanza ilipotea. Mwenye mgahawa aliuliza mwenyewe, na wateja wakaona haya. Badala ya kuelekeza, wakamsifia mapishi. Kesho yake swali likapewa keshia, majibu yakanyooka. Kurasa za siku ya kwanza zilichanwa, tukaanza upya.

Kati ya 40, watu 21 walisema “baada ya duka la spea”. Wengine 14 walisema “kwa yule dada wa mtori”, mkono ukionyesha upande. Wawili walisema “pale Mbuyuni” wakaishia hapo. Jina lililoandikwa ukutani, maneno matatu ya Kiingereza yaliyokaa pale miaka minne, lilitajwa na watu 3. Maana yake mgahawa ulikuwa unakumbukwa kwa mali ya jirani.

Siku hiyohiyo tulihesabu mabango kutoka kona ya soko hadi mlangoni: 31, na 19 kati yake ni mekundu, mengi yakiwa yale ya bure ya kampuni za vinywaji na za simu. Bango la bure linatamanisha, lakini jina lako linakaa chini kwa herufi ndogo na soda inakaa juu kwa herufi kubwa. Mwaka 1933 Hedwig von Restorff, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alionyesha kwamba kitu kinachotofautiana na vinavyokizunguka ndicho kinachobaki kichwani zaidi. Kwenye mtaa wenye mabango 19 mekundu, bango la 20 jekundu ni hasara hata likipatikana bure. Letu lilikuwa mojawapo. Liliteremshwa siku hiyo.

Gharama: daftari, 1,500.

20 Januari: Kitu kwanza, jina baadaye

Kiswahili chenyewe kinatufundisha namna watu wanavyokumbuka mahali. Wanatazama kinachosimama pale, wanakitia -ni, kazi imekwisha: Mbuyuni, Mwembeni, Kisimani, Msikitini. Hakuna anayefundishwa jina la namna hiyo, analiona. Kwa hiyo hatukutafuta jina zuri. Tulitafuta kitu cha kusimamisha mlangoni, jina lifuate lenyewe.

Birika lilikataliwa kwa sababu wauza chai wawili wa mtaa huo wameshatundika mabirika. Salamu ya Kichagga ilipendekezwa, ikaleta mjadala mezani papo hapo: wa Rombo anaisema hivi, wa Machame vile, wa Marangu naye ana yake. Salamu moja ingemkaribisha mmoja na kuwafanya wengine wajione wageni. Ukabaki mwiko, ule wa kusongea na kupondea, kwa sababu mtori bila mwiko haupo.

Hapa lilitokea kosa ambalo kwa bahati tulilikamata kwa chaki. Neno MWIKO liliandikwa kubwa kwenye ubao na kuwekwa mlangoni siku tatu. Watu walisimama: “Mwiko gani tena, dada?” Mzee mmoja aliuliza kama ndani wavuta sigara hawaruhusiwi. Neno likisimama peke yake mlangoni, jicho linasoma katazo kabla ya kusoma chombo cha jikoni. Tukaongeza -ni. “Mwikoni” ni mahali, na kwa siku tatu zilizofuata hakuna aliyeuliza kilichokatazwa. Ndiyo sababu ya kujaribu jina kwa chaki kwanza: chaki inafutika, rangi inalipiwa mara mbili.

Jina lilitafutwa kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kuona kama limeshachukuliwa, ndipo likaombewa usajili. Ada ya usajili haimo kwenye hesabu za shajara hii.

3 Februari: Mwiko wa kwanza umepasuka

Mwiko wa mlangoni ulichorwa hivi: urefu mita 1.8, kichwa sentimita 35 kwa upana, unene sentimita 5. Mbao ni mgrivea, mti unaopatikana kirahisi kwenye mashamba ya migomba na kahawa huku mlimani. Seremala alichonga kutoka ubao mmoja mpana. Ulitundikwa tarehe 27 Januari, na leo, siku ya saba, kichwa kina ufa wa kuingiza kidole kutoka ncha hadi katikati, na ubao umejikunja kama kigae.

Makosa ni mawili, yote yetu. Mbao ilikuwa mbichi, na kichwa kilikuwa kipande kimoja. Mbao mbichi inakausha ncha kwanza kwa sababu maji hutoka haraka zaidi pale nyuzi zilipokatwa. Ncha zinasinyaa wakati katikati bado imejaa, basi inapasuka. Ubao mpana nao husinyaa zaidi upande mmoja kuliko mwingine, ndiyo maana unajikunja.

Njia rahisi ya kujua kama mbao imekauka: kata kipande cha pembeni, kipime kwenye mizani ya dukani, kiweke mahali pakavu penye hewa, kipime tena baada ya wiki. Kikiendelea kupungua uzito, bado ni mbichi, hata muuzaji aape.

Hasara: mbao 25,000 na ufundi 40,000, jumla 65,000.

17 Februari: Mwiko wa pili, na bango

Mbao ya safari hii ilitoka kwenye mrundo wa zamani wa muuza mbao. Kipande cha majaribio hakikupungua uzito kwa wiki nzima. Kichwa kimeunganishwa kwa vipande vitatu vya sentimita 12, kwa gundi ya mbao ya kuhimili maji, kikabanwa usiku kucha, kisha kikachongwa. Ncha zote zilipakwa rangi nzito kabla ya kitu kingine, maana ndiko maji yanakoingilia na kutokea. Mwili ulipakwa mafuta ya kitani mara tatu, siku moja moja katikati. Tahadhari moja ya lazima: matambara yenye mafuta hayo yasikunjwe yakatupwa kona. Yanapokauka yanazalisha joto, na rundo la matambara linaweza kuwaka lenyewe. Yaanike wazi, moja moja, au uyaloweke kwenye ndoo ya maji.

Mwiko una uzito wa kilo 10 hivi. Umeshikwa na bolti mbili zenye jicho zinazopita mbao upande hadi upande, washa pana (pete bapa ya chuma) kila upande, na minyororo miwili hadi kwenye mkono wa chuma uliofungwa ukutani. Skrubu hazitoshi, upepo ukiuyumbisha kila siku, skrubu inajichimbia tundu na kulegea. Ncha ya chini iko mita 2.5 kutoka chini, mtu mrefu mwenye ndoo kichwani apite bila kuinama.

Jambo lililoleta tofauti kuliko yote ni mwelekeo. Mwiko wa kwanza ulilazwa ukutani, ukaonekana na mtu aliyesimama ng’ambo ya barabara tu. Wa pili umetokeza, umekaa pembe mraba na ukuta, kwa hiyo anayetembea kando ya barabara anauona uso mzima tangu kona ya soko. Wateja wa miguu ni wengi kuliko wa ng’ambo. Kwa kuwa kitu kinaning’inia juu ya njia ya watu, manispaa iliulizwa kwanza. Usitundike halafu ndiyo uulize.

Bango la jina lilitoka kwenye nusu ya shiti ya bati bapa, mita 2.4 kwa 0.6. Mchoraji alileta mchoro wenye jina, “Karibuni Wote”, orodha ya vyakula tisa, namba mbili za simu, Mlima Kilimanjaro na theluji yake, na bakuli linalotoa mvuke. Ni kazi ya mkono mzuri, lakini kutoka ng’ambo ya barabara ilikuwa madoa. Wachora mabango wana kipimo cha zamani: herufi ya sentimita 2.5 inasomeka vizuri kwa mita 3. Barabara na njia ya miguu hapa ni kama mita 20, basi herufi zinatakiwa zikaribie sentimita 17. Tukazifanya 18. Zikikaa hizo, nafasi inabaki ya mstari mmoja tu chini: “Mtori kuanzia saa 12 asubuhi”. Mlima uliondoka. Kila mtu hapa ana mlima.

Gharama: mwiko wa pili 125,000 (mbao 45,000, ufundi 40,000, gundi na mafuta 18,000, bolti na minyororo 22,000). Bango 112,000 (shiti 38,000, rangi ya mafuta 24,000, mchoraji 50,000).

10 Machi: Mhuri kwenye mifuko, na aproni

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, chapati za kubeba zinaondoka kwenye mifuko ya kaki. Mfuko huo ni bango linalotembea: muuza nyanya anaununua saa 1, anauweka juu ya meza yake ya soko, na mpaka saa 4 majirani zake wote wameshauona. Ulikuwa unaondoka mtupu.

Mhuri wa kwanza ulikuwa na mwiko uliochorwa hadi mistari ya mbao, na namba ya simu kwa herufi za milimita 3. Siku ya kwanza ulitoka vizuri, siku ya tatu wino ulijaa kwenye mistari na namba ikawa mstari mweusi. Karatasi ya kaki inakunywa wino na kuutawanya. Mstari wowote ulio chini ya milimita 1 unazibika. Mhuri wa pili una mwiko mzito usio na mistari ndani, sentimita 5, na jina kwa herufi za milimita 8. Namba ya simu iliondolewa.

Kosa la pili lilikuwa la muda. Mifuko ilipigwa mhuri baada ya kufunga chapati, mafuta yakapenya, wino ukatambaa hadi kwenye vidole vya mteja. Sasa mifuko 100 inapigwa mhuri jioni kwa dakika 12 hivi, inatandazwa, inakauka usiku kucha. Upande wa nje tu. Mhuri unakaa sentimita 6 chini ya mdomo wa mfuko, kwa sababu sentimita 3 za juu hukunjwa na sehemu ya chini hufunikwa na kiganja.

Aproni tuzitaje kwa kifupi. Mbili za kitenge zilishonwa na zilipendeza sana, lakini mhudumu wa tatu alipoajiriwa kitenge kile hakikuwepo tena duka lolote, wala Double Road wala kwingine. Kitenge kikiisha dukani mara nyingi ndiyo basi. Zikashonwa upya nne za kitambaa kizito cha buluu, rangi inayopatikana mwaka mzima, zenye mwiko mweupe kifuani.

Gharama: mihuri miwili 15,000 na 25,000, wino 8,000. Aproni za kitenge 30,000, za buluu 48,000.

Mwezi huu wote ni wa Ramadhani, wateja wengi wa asubuhi hawapo. Hesabu yoyote ya wateja itakayofanywa sasa itadanganya, kwa hiyo hatukuhesabu.

26 Machi: Rangi ya bango inabanduka

Mvua za kwanza tu, na herufi ya W imeinuka kama ganda la kitunguu. Ukiivuta, inatoka nzima, na chini yake bati linang’aa kama jipya.

Sababu iko kwenye bati. Bati lisiloshika kutu limepakwa zinki. Rangi ya mafuta ikikaa moja kwa moja juu ya zinki, mafuta yake na zinki vinaungana polepole kufanya utando kama wa sabuni katikati. Rangi haikosi ubora, inakosa pa kushika. Ndiyo maana mabango mengi ya bati hapa mjini yanaonekana mazima mwezi wa kwanza na kubanduka masika yakiingia.

Dawa: kwangua yote. Osha kwa sabuni, kisha pitisha siki, iache dakika 10, suuza kwa maji mengi, kausha. Pitisha msasa laini kidogo tu, usiimalize zinki. Paka praima iliyoandikwa kwamba ni ya mabati yenye zinki, subiri saa 24, halafu rangi ya maji ya akriliki, tabaka mbili. Mchoraji alitaka kuruka siki. Tulimwomba ajaribu nusu ya kipande cha pembeni kwa siki na nusu bila, akajibandulia mwenyewe kwa ukucha wiki iliyofuata. Sasa anawashauri wateja wake wengine hivyohivyo.

Gharama: praima 19,000, rangi 28,000, mchoraji 30,000. Shiti ni ileile, lakini 74,000 za rangi na ufundi wa kwanza zimekwenda.

14 Aprili: Jina linalotokea kwenye simu

Hili hatukulitegemea. Mteja analipa kwa Lipa Namba, yaani namba ya biashara ya kupokea malipo ya simu, na kabla hajaweka namba ya siri simu inamwonyesha jina la mpokeaji. Lilitokea jina la ukoo la mwenye mgahawa, ambalo hakuna mteja anayelijua. Kwa siku moja watu saba walisita wakauliza, “Hili jina la nani?” Mteja ameona mwiko nje, amesoma Mwikoni ukutani, ameshika mfuko wa Mwikoni, na dakika ya mwisho, pesa ikiwa mkononi, anaonyeshwa mtu mwingine. Wenye wasiwasi wa utapeli, na wana haki, wanarudisha simu mfukoni.

Kubadilisha kunahitaji nyaraka: cheti cha jina la biashara, TIN (namba ya mlipakodi), leseni. Ombi letu lilirudishwa mara ya kwanza kwa sababu leseni iliandikwa “Mwiko ni” kwa maneno mawili na cheti “Mwikoni”. Angalieni herufi kwa herufi kabla ya kupeleka. Mpaka kukamilika zilipita siku 16. Katikati ya muda huo karatasi juu ya namba ilisema: “Litatokea jina la mwenye mgahawa”, na jina lake la kwanza. Maswali yakaisha siku hiyohiyo.

Kwenye WhatsApp, ujumbe wa kutuma kwa orodha unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako, na orodha moja haizidi watu 256. Kwa hiyo kukusanya namba za watu kwenye daftari hakusaidii. Anayetaka habari za mtori aihifadhi namba mwenyewe na atume neno “Mwikoni”. Hiyo inakuwa pia ridhaa yake, jambo ambalo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalitaka. Unatumwa ujumbe mmoja kwa wiki, Ijumaa jioni, kueleza kesho kuna nini. Tulipojaribu kutuma kila siku, watu waliizuia namba yetu.

Gharama: kuchapa na kulamineti, 6,000.

5 Mei: Dakika ya mwisho

Tulikaa asubuhi mbili kutazama wateja wanavyoondoka. Wanaingia kwa salamu nzuri, wanakula vizuri, halafu wanaondoka kwenye mvutano wa chenji. Mtori 2,500, chai 500, mteja anatoa 10,000 saa 12 na nusu asubuhi, keshia anazunguka kwa majirani. Wakati mwingine alimpa pipi badala ya 200. Kwa mteja, hicho ndicho kitendo cha mwisho cha mgahawa.

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwaweka watu mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine waliwaweka sekunde 60 hizohizo, wakaongeza 30 ambazo maji yalipashwa nyuzi moja. Walipoambiwa wachague ipi irudiwe, wengi walichagua ile ndefu, kwa sababu iliishia kwa nafuu. Mtu hahifadhi wastani wa mambo yote. Anahifadhi kilele na mwisho. Mgahawa unaoishia kwa chenji unahifadhiwa kwa chenji.

Sasa kila jioni keshia anabadilisha 30,000 kuwa sarafu za 100, 200 na 500 kutoka kwa makonda wa daladala wanapofunga hesabu. Makonda wanafurahi kupunguza mzigo. Pipi zimeondolewa kabisa. Bei ya andazi iliyokuwa 350 imekuwa 400 na ukubwa umeongezwa kidogo, sarafu za 50 zisihitajike.

Kisha tukaongeza kitu cha mwisho kizuri: ndizi kisukari moja kwa kila mteja. Wiki ya kwanza zilikaa mezani kwenye sahani. Zikaliwa wakati wa kusubiri mtori, na hakuna aliyezisema. Zilikuwa kama chumvi. Wiki ya pili zilihamia kaunta, na keshia anamkabidhi mteja ndizi pamoja na chenji, mkono kwa mkono: “Ya njiani hii, mama.” Ndizi ni zilezile, gharama ileile. Tofauti ni kwamba sasa wanaambiana. Mteja mmoja alirudi na mtoto akauliza kama naye anapata ya njiani. Anapata.

Mkungu wa 15,000 unatoa ndizi 120 hivi, kwa hiyo ni kama 125 kwa mteja. Nunua mkungu ambao chane za juu zimeanza kuiva na za chini bado, utumike siku mbili. Ulioiva wote kwa pamoja unaoza nusu yake kwenye joto la Moshi.

26 Mei: Kadi

Kadi za kwanza, 500 kwa 50,000, zilikuwa karatasi nyepesi zenye visanduku kumi: mihuri kumi, bakuli moja bure. Zilishindwa kwa namna tatu. Ziliraruka mifukoni, hasa kwa bodaboda kwenye masika. Mhuri ulikuwa uleule wa mifuko, unaokaa wazi jikoni, na kadi zikaanza kujaa bila mtu kula. Na kisanduku cha kwanza kati ya kumi kinaonekana mbali sana na cha mwisho.

Kwa hilo la tatu yako majaribio ya watafiti wa masoko Joseph Nunes na Xavier Drèze, yaliyochapishwa 2006, kwenye sehemu ya kuoshea magari. Kundi moja lilipewa kadi ya mihuri 8, jingine ya mihuri 10 ambayo 2 imeshagongwa. Kazi iliyobaki ni sawa, mara 8. Waliomaliza kundi la kwanza walikuwa asilimia 19, la pili asilimia 34. Mtu aliyeanzishiwa safari anaimaliza.

Kadi mpya ni nene, visanduku 12, viwili vimeshatobolewa. Zinatobolewa kwa panchi ya umbo la nyota inayokaa kwenye droo ya keshia peke yake. Wafanyabiashara wa sokoni waliomba kadi zao zibaki kaunta, likatengenezwa boksi lenye vigawanyo. Keshia akawa anaandika juu ya kadi namna anavyomtambua mtu: “Mama Vitunguu”, “Mangi wa ndoo”, “Kaka wa Kiborloni, chai bila sukari”. Hapo ndipo kadi zilipoleta faida kubwa kuliko bakuli la bure. Keshia alijifunza watu. Sasa mteja akiingia, chai bila sukari imeshamiminwa. Anayekumbukwa naye anakumbuka.

Mhudumu mpya ajue pia salamu: mtu mzima anapokea “shikamoo” kwanza, ndipo menyu. Mzee aliyeambiwa “mambo” mlangoni atalikumbuka hilo kuliko mtori.

Gharama: 50,000 za kwanza zimepotea, kadi mpya 300 kwa 36,000, panchi 9,000.

16 Juni: Mtori uleule kila siku

Alama ikishamleta mtu mara ya pili, bakuli lazima liwe lile alilolikumbuka. Wapishi wawili walikuwa wanapika mitori miwili. Wa Jumanne mzito, wa Alhamisi supu. Kipimo kilichokubaliwa kwa bakuli 38 za mililita 350: ndizi mshare kilo 10 kabla ya kumenya, zinabaki kama kilo 6, nyama ya mifupa kilo 2.5, mchuzi wa mifupa lita 8. Mshare mchanga unatoa mtori mwepesi hata ukipima sawasawa, kwa hiyo anayenunua anavunja kidole kimoja sokoni aone kama nyama yake imejaa. Mtori ukikaa unazidi kuwa mzito; lita moja ya mchuzi inabaki motoni ya kuulainishia. Maji baridi yanaukata, utaona majimaji juu na uji chini.

Gharama: mizani ya kuning’iniza 15,000, upawa wa mililita 350 kwa 7,000.

9 Julai: Swali lilelile tena

Wateja 40, keshia yuleyule, swali lilelile. Watu 26 walisema “Mwikoni” au “pale kwenye mwiko”. Tisa bado wanasema duka la spea, na wengi wao ni wateja wa zamani sana; hatuwasahihishi. Watatu walisema “wanapotoa ndizi”, wawili “kwa yule dada”. Mwenye duka la spea amesikika akimwelekeza mteja wake kwa simu: “Ukiuona mwiko mkubwa, simama.”

Jumla ya matumizi, bila ndizi na bila ada za usajili, ni 629,500. Kati ya hizo 234,000 ni makosa: mwiko wa kwanza, rangi ya kwanza, mhuri wa kwanza, kitenge na kadi za kwanza. Anayeanza na shajara hii mkononi angemaliza kwa kama 395,500. Mauzo yameongezeka, lakini soko lenyewe linabadilika kati ya Januari na Julai, kwa hiyo hatuandiki asilimia.

Bolti za mwiko zinakaguliwa kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Moja ilikutwa imelegea robo mzunguko tarehe 7. Imewekewa nati ya pili. Mafuta ya kitani yatapakwa tena Oktoba, kabla ya vuli.